Usifunue, mwanangu

Tangu Ijumaa maneno haya hayaniondoki. Nikipika yapo, nikiingiza hesabu za makontena ofisini yapo, na usiku nikizima taa ndipo yanaponijia na sauti ya mwenyewe. Bora niyaandike.

Mwajua feri ya jioni ya Likoni, hapa Mombasa, ilivyo. Watu wametoka kazini, bega kwa bega, mwenye baiskeli, mwenye mkokoteni, mwenye kuku, mwenye godoro kichwani. Mimi napenda kusimama ubavuni, upande unaoelekea bandari ya Kilindini, maana pana upepo na pana mwanga wa kusomea. Wiki hii nilikuwa na Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi. Naisoma upya baada ya miaka mingi, na kusema kweli imenishika kuliko zamani. Nakala yangu imechakaa, nimeivisha karatasi ya kalenda, kwa hivyo mtu wa nje hawezi kujua ni kitabu gani. Nikamaliza ukurasa, nikashika ncha nifunue, nikasikia nyuma ya sikio langu:

"Usifunue, mwanangu. Sijafika tini."

Kugeuka, ni mzee wa makamo ya babangu lau angekuwa hai. Amevaa kofia, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni, mkononi ana kikapu cha ukili chenye mkate na maziwa. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Hakunitazama usoni, macho yake yalikuwa kwenye kitabu. Midomo yachezacheza, na kidole chake cha shahada akikipitisha hewani chini ya mistari, bila ya kuigusa karatasi. Nikakiinua kitabu kidogo ili kimfikie. Akafika mwisho, akasema, "Haya." Nikafunua. Tukasoma ukurasa mwengine vivyo hivyo, mimi nikimngoja, na yeye akisema "haya" kila alipokuwa tayari.

Halafu akauliza, "Hawa ni watu wa wapi?"

"Wa Unguja, baba."

"Mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa arubaini na nane. Mgomo wao wa bandarini."

"Sisi tuliwatangulia. Wetu ni wa arubaini na saba. Babangu alikuwamo."

"Na babu yangu," nikasema.

Hapo ndipo aliponitazama. "Basi sisi tumeandikwa wapi?"

Feri ikagusa, mlango ukashuka, umati ukatusukuma kama kawaida ya Likoni. Nilikiona kikapu mbele yangu kikipanda mteremko pamoja na watu, kisha kikapotelea kwenye matatu. Jina lake sikulipata.

Si zaidi ya hayo. Lakini nimeyarudia mpaka nayajua pumzi kwa pumzi. Hakuuliza kwa kulalamika. Aliuliza kama mtu anayeuliza matatu za Ukunda zasimama wapi, akiamini kuwa huyu mwenye kitabu mkononi lazima ajua. Na mimi mwenye kitabu mkononi, ninayetumia nusu ya mshahara wangu kwa vitabu (mume wangu anasema ni zaidi ya nusu), nimepita rafu zangu zote tangu jioni ile nikitafuta cha kumpa.

Wiki yenyewe ni hii ambayo mdogo wangu ameposwa, mahari yakakubaliwa, na ofisi ikatutangazia kuwa tunahamia Changamwe mwisho wa mwezi. Hayo nitayaeleza siku nyengine.

Wanaonisoma tangu zamani wanamjua babu yangu mzaa mama, yule aliyekuwa akibeba magunia Kilindini. Alikuwa kibarua wa kutwa. Leo waenda, wapata ujira wa leo, kesho ukitaka waenda tena au wabaki shambani kwako. Mgomo alioutaja mzee ulianza tarehe 13 Januari 1947. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi, na si wa bandarini peke yao, bali wa reli, wa mahoteli, mpaka wapishi wa majumbani kwa Wazungu. Siku 12 mji ulisimama. Walikuwa wakikutana kwenye uwanja wa mpira, nao wakaupa jina Kiwanja cha Maskini. Mimi hilo jina likinijia, nywele zanisimama. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka ule ule akapelekwa Kabarnet, mbali kabisa na bahari, akawekwa huko miaka. Babu hakuwa mtu wa hadithi ndefu. Alichokuwa akitwambia ni kwamba siku zile walikula muhogo mkavu, na hakuna aliyenung'unika.

Sasa, hayo ya tarehe na hesabu sikuyapata kwa babu. Nimeyasoma, na kitabu kikubwa zaidi nilicho nacho kuhusu makuli wa Mombasa ni On the African Waterfront cha Frederick Cooper, mwanahistoria wa Marekani, kilichotoka 1987. Ni kitabu cha maana sana na namheshimu aliyekiandika. Humo ndimo nilimofahamu kwa nini serikali ya kikoloni iliwachukia vibarua wa kutwa, na vipi katika miaka ya 1950 ikawaandikisha na kuwafunga kwenye kazi ya kila siku, ili mtu asiwe na hiari ya kusema leo siendi. Lakini ni cha Kiingereza cha chuo kikuu. Ningekiinua vipi kwenye feri, mzee akakifuata kwa kidole?

Basi Jumamosi nikaenda Mji wa Kale na swali lile moyoni. Kikao chetu cha kusoma vitabu kilikuwa barazani kwa shoga yangu wa Kibokoni, na zamu ilikuwa ya Peponi. Ni ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitia kwenye Kiswahili, na Mkuki na Nyota wakaitoa 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Kabla ya hapo nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza na kuipenda. Kwa Kiswahili nimeilia. Pale Yusuf anapochukuliwa na Aziz, mtoto hajui kuwa amewekwa rehani kwa deni la babake, anafurahia safari ya treni! Shoga alikuwa akisoma kwa sauti, akanyamaza, akajifuta macho kwa ncha ya leso, kisha akaendelea. Kahawa ilikuwa tungu sawasawa, kaimati zingali moto, mwadhini wa adhuhuri bado hajaadhini, na kila mtu pale alikuwa na jambo la kusema. Mwengine akasema Aziz si mtu mbaya, ni mfanyabiashara. Mwengine akauliza tofauti iko wapi. Saa kama hizo huona sina haja nyengine duniani.

Katika raha ile nikawahadithia habari ya mzee wa feri. Wakacheka kwa furaha aliposema "sijafika tini". Nikawauliza swali lake. Sote tukaanza kutafuta: fulani ana hadithi fupi, fulani ana shairi. Ndipo Mwalimu akaweka kikombe chini akasema:

"Riwaya haiandikwi kwa ajili ya watu wa gati. Watu wa gati hawana wakati wa kusoma."

Alisema kwa upole. Mwalimu hasemi neno kwa ukali, nanyi mwajua nilivyo naye. Yeye ndiye aliyenifunza kusikia mizani ya shairi nikiwa bado na sare ya shule. Lakini kahawa ilinigeukia kinywani. Raha yote iliyokuwa imenijaa tangu asubuhi ilitoka. Nikasema, "Mwalimu, yule alisoma kurasa mbili akiwa amesimama, ametoka kutwa, ana mkate wa watoto mkononi. Akanizuia nisifunue."

Akasema, "Huyo ni mmoja."

Nikasema, "Na Muyaka walimhifadhi wangapi?"

Kwa sababu hilo nalijua, na ni Mwalimu mwenyewe aliyenifunza. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki 1840. Tungo zake hazikukaa kwenye kitabu, zilikaa vinywani mwa watu wa mji huu: mabaharia, wavuvi, wake zao, watu waliokuwa hawana wakati. Miaka mingi baadaye ndipo Mwalimu Sikujua alipozikusanya pamoja na yule Mwingereza Taylor, na diwani yenyewe ikaja kuhaririwa na Hichens, ikapigwa chapa 1940. Miaka mingi watu wamebeba mashairi kichwani, leo aje mtu aseme watu wa kazi ngumu si wa kuandikiwa? Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa, akasema tuendelee na Yusuf. Hakukubali wala hakukataa. Tukaendelea, lakini mimi sikuwa tena pale.

Nilirudi kwa miguu kupitia Ndia Kuu, nikakata mbele ya Ngome, nikapita Marikiti kununua bizari za mchuzi wa wageni, na njia nzima nilikuwa nikigombana na Mwalimu moyoni. Mara nikamjibu hivi, mara vile. Kisha namrudia mzee, na kidole chake, na ile "haya". Mtu asiye na wakati wa kusoma hasemi "haya" namna ile.

Jumapili nilimchukua mwanangu wa kike, tukaenda ufukweni Mama Ngina. Tulinunua mihogo ya kukaanga, ndimu na pilipili, tukaketi tukitazama meli ikiingizwa Kilindini, makontena yamepangwa mpaka juu. Nilikuwa na Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla. Mwanangu ana umri wa kudharau kila anachokipenda mamake, lakini nilipomweleza kuwa Abdilatif Abdalla ni mzaliwa wa mji huu huu, kwamba alifungwa 1969 kwa kuandika Kenya: Twendapi?, waraka wa kuikosoa serikali, na kwamba mashairi haya aliyaandika gerezani kwa siri juu ya karatasi za chooni, aliacha simu. "Za chooni kweli?" Kweli, mwanangu. Akalisoma shairi la "Mamba" lote, akaniuliza mamba ni nani. Nikamwambia aseme yeye. Tukabishana mpaka mihogo ikapoa, na ule uchungu wa Jumamosi ukawa umepungua bila ya mimi kujua.

Tukapita kwa mamangu jioni. Sikukusudia kumuuliza kitu, lakini nilimkuta na raha zake, nikatoa daftari. "Mama, babu alikuwa akivaa nini akienda bandarini?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo alilokuwa akilingoja. Akainuka, akatoa gunia tupu jikoni, akaisukumiza pembe moja ya chini ndani ya pembe ya pili mpaka ikawa kofia ndefu. Akanivisha mimi: kichwa kimeingia kwenye pembe, kitambaa kimeshuka mpaka kiunoni. "Hivi. Mzigo wakaa hapa," akanipiga begani. Begani kulia. Anasema likija na harufu ya kahawa walifurahi nyumbani, likija na saruji alilifua yeye na dadake, na maji yake hayamwagwi kwenye mboga. Anasema babu alikuwa akilala upande mmoja maisha yake yote. Nimeandika mpaka mkono ukaniuma. Kuna mengi sana, na yote yako kwa mamangu na wenzake wachache walio hai, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa.

Mimi si mwandishi wa riwaya na sijifanyi. Ila daftari limeanza na mama ameahidi kunipeleka kwa rafiki yake wa Majengo ambaye mumewe alikuwa gati moja na babu. Na Kuli naibeba mkobani kila jioni. Bado nasimama ubavuni pale pale, na ukurasa nimeuacha tulipofika yeye na mimi. Mtu akimjua mzee mwenye kofia na kikapu cha ukili, bega la kulia limeshuka, ashukaye Likoni baada ya Asri, amwambie namtafuta.

Haya. Sasa jambo lililonikalisha macho mpaka saa hizi: friji yavuma tangu jana kwa sauti nisiyoipenda, na ndani mna nguru wote wa wageni wa posa, wamekatwa na kutiwa bizari. Fundi asema atakuja kesho baada ya Asri, na umeme leo umekatika tena. Mwenye nafasi kwenye friza huku Likoni tafadhali aniambie usiku huu huu, nitawaleta na ndoo.