Tundu la Kulia

Mgonjwa hakuwa na jino hata moja kwenye taya la chini. Meno yake ya bandia yalikuwa yakielea kila alipotafuna, na mpango ulikuwa kumwekea vipandikizi viwili vya titani, yaani skrubu zinazofungwa ndani ya mfupa, kimoja kila upande pale yalipokuwa machonge, ili meno yashikwe. Mfupa wa mbele wa taya la chini kwa kawaida ndio mgumu kuliko wote kinywani. Ganda lake ni nene, damu ndani yake ni chache, na joto likishaingia halina pa kutokea.

Tulianza kulia. Kiolezo cha plastiki kilikaa vizuri juu ya ufizi, kikiwa na pete za chuma za kuongoza keekee. Keekee ya kwanza, ya milimita 2.2, niliizungusha mara 800 kwa dakika, ya 2.8 mara 600, ya 3.5 mara 500. Kina kilikuwa milimita 12. Pampu ilikuwa inatoa salaini (maji ya chumvi ya kupozea mfupa), msaidizi ananyonya, chupa inapungua. Kwa macho, kila kitu kilikuwa sawa.

Nilipochomoa keekee ya tatu nikaona chenga zilizojaa kwenye mifereji yake. Chenga za mfupa uliopozwa vizuri hutoka zimelowa, zina rangi ya waridi, na ukizifuta kwa shashi zinateleza. Hizi zilikuwa kavu, nyeupe zikielekea hudhurungi, zimeshikamana kama chaki iliyosagwa. Nikairudisha keekee kwenye pete bila kuizungusha, nikamwagia maji kwa sirinji. Maji yakatambaa juu ya plastiki, yakamwagikia ulimini. Pengo kati ya keekee na pete ni jembamba kama unywele. Salaini tuliyokuwa tunaisikia ikinyonywa haikuwa imefika mfupani. Tena keekee za kiolezo ni ndefu, kwa hiyo ncha inayokata iko mbali na mdomo wa maji. Nami nilikuwa nimesukuma kwa mkupuo, macho yakiwa kwenye alama ya kina.

Mwaka 1983 watafiti Eriksson na Albrektsson walionyesha, kwenye mfupa wa sungura, kwamba nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja zinatosha kuujeruhi mfupa. Hizo ni nyuzi 10 tu juu ya joto la mwili. Mgonjwa naye hawezi kukuonya, maana ganzi imeshamfunga.

Nililisafisha tundu, nikasubiri damu. Ilikuja polepole, tone moja moja. Nilipaswa kuliacha hapo hapo, nishone ufizi na kurudi baada ya miezi. Nikaweka kipandikizi.

Kushoto tulitumia kiolezo kwa keekee ya kwanza tu, kupata mwelekeo, kisha tukakitoa. Nikachukua keekee mpya, kwa sababu iliyobutuka husugua badala ya kukata, na chupa nyingine ya salaini kutoka kwenye friji. Msaidizi akaelekeza sirinji ya mililita 20 kwenye mdomo wa tundu, kuongezea maji ya pampu. Nikawa nashuka sekunde moja au mbili, nachomoa keekee mpaka nje, anaifuta, narudi. Kuchomoa ndiko kunakopoza: keekee ikishuka inapandisha chenga na kuziba njia, ikitoka ndipo maji yanapopata nafasi ya kuingia.

“Dokta, hili limejaa damu,” msaidizi akasema. Lilijaa papo hapo.

Matundu yote mawili tuliyakatia hesi kwa mizunguko 15 kwa dakika, na vipandikizi vyote viliishia kwenye nguvu ileile ya kukaza, nyutoni-sentimita 35. Ndiyo maana siwezi kusingizia kubana kupita kiasi.

Wiki ya pili mgonjwa alirudi na maumivu ya ndani upande wa kulia, bila uvimbe wala usaha. Wiki ya tano nikafunga ufunguo juu ya kipandikizi kile, kikazunguka kwa vidole, naye akashtuka kwa maumivu. Kwenye eksirei kulikuwa na utepe mweusi umekizunguka mpaka nchani. Kilitoka kwa mkono. Kuta za tundu zilikuwa zimefunikwa na nyama laini badala ya mfupa. Nikaikwangua mpaka mfupa ukaanza kuvuja damu, nikashona.

“Na hiki kingine je, daktari?”

“Hicho kimeshika, mama.” Nilikuwa nimekigonga kwa mpini wa kioo cha meno, kikalia sauti kali, kavu.

Tulisubiri miezi minne. Siku ya kurudia upande wa kulia hatukutumia kiolezo, na salaini ilikuwa imelala kwenye friji. Keekee ya kwanza ilipotoka niliziweka chenga zake juu ya shashi nyeupe kabla ya kuendelea. Zilikuwa zimelowa, na doa la waridi likaanza kusambaa kuzizunguka.