Betri inayovuta hewa: wiki ya tatu

Ngamiani, Tanga, Jumapili. Leo nimepata jibu nililolisubiri tangu nianze: betri yangu kweli inakula hewa.

Shabaha yangu ya mbali ni betri ya lithiamu na hewa, ile waliyoieleza watafiti Abraham na Jiang mwaka 1996. Ikitoa umeme huwa kwenye volti 2.7 hivi, lakini kuirudishia chaji bila kichocheo kizuri (kitu kinachorahisisha mmenyuko chenyewe kisiishe) hudai hata zaidi ya 4. Tofauti hiyo yote ni hasara, na volti ikipanda hivyo hula kaboni na kimiminika cha ndani. Ndiyo maana watafiti wanahangaika kutafuta kichocheo kwenye dhahabu, platinamu, rutheniamu na manganizi. Lithiamu yenyewe siigusi nyumbani. Inachachamaa na maji, na hewa ya hapa ina unyevu usiku na mchana. Nanyi msipasue betri za simu!

Kwa hiyo najifunzia upande wa hewa, yaani ule wa kaboni unaopitisha oksijeni, kwa kutumia alumini: kipande cha sufuria kuukuu ndani ya maji yenye chumvi gramu 35 kwa lita, kama bahari ya Raskazone. Mkaa wa vifuu nimeutwanga, nikauchekecha kwa kipande cha kanga, nikaukanda na gundi kidogo na kuupaka kwenye wavu wa chujio la chai.

Mkaa mtupu, kwenye rezista (kizuia umeme, mzigo wa kupimia) ya omu 100, ulinipa volti 0.24. Nikachanganya na unga mweusi wa mawe ya tochi yaliyokwisha, ambao ni manganizi dayoksaidi na kaboni. Ikapanda hadi 0.41. Nilifurahi mno, mpaka mzee jirani yangu, fundi redio, aliponiuliza: "Mwanangu, unga huo si ndio ulioendesha jiwe la tochi? Utajuaje kama si wenyewe unaotoa umeme?"

Ana haki. Ndani ya jiwe, manganizi ndiyo inayopokea elektroni, na ikishapokea imekwisha. Kichocheo kinatakiwa kiisaidie oksijeni kupokea, chenyewe kibaki.

Nikaiacha na rezista yake tangu Ijumaa usiku. Leo asubuhi ilikuwa imetulia kwenye 0.36. Ili nione kama inategemea hewa, nikaufunika upande wa hewa kwa nailoni ya kufunikia madaftari, nikabana kingo kwa vidole. 0.30. 0.22. Baada ya dakika kumi, 0.11. Nikafunua, na mita ikaanza kupanda polepole hadi 0.34. Mzee akasema, "Rudia." Nikarudia, ikawa vilevile.

Kinachonisumbua sasa ni uji mweupe unaotoka kwenye alumini na kuziba vitundu vya mkaa. Lithiamu nayo ina mzigo huohuo: peroksaidi yake, yaani lithiamu iliyoungana na oksijeni, hujaa kwenye vitundu na oksijeni ikakosa njia. Kesho nachekecha mkaa wa chenga kubwa zaidi, na gundi naipunguza nusu.