Sanduku la vitabu, mwezi wa nane: kadi zimeanza kusema

Kamalondo, Lubumbashi, Juni

Jana jioni, kwenye sanduku langu la kuazimisha vitabu, kadi ya maoni inayotembea ndani ya kitabu cha Mariama Bâ, Une si longue lettre, imerudi imejaa pande zote mbili. Mtu wa tatu alipokuta nafasi imekwisha, ameigeuza akaandika pembeni, wima, kwa herufi ndogo. Nimeisoma mara nne kabla ya kula. Ninyi mnaofuata kumbukumbu hii tangu Novemba mnajua nimeingoja kadi ya namna hii kwa muda gani.

Habari za sanduku lenyewe sitazirudia. Bati ni lile lile, liko barazani, vitabu sasa ni 63, daftari la kuazima linakwenda sawa. Kuazima hakujawahi kunisumbua: watu wa hapa wanasoma, na mwenye kusema hawasomi aje akae kwenye baraza yetu Jumamosi moja. Kilichonitesa ni kadi za maoni. Nilitaka kila kitabu kitembee na sauti za waliokisoma, ili anayekifungua leo akute mabishano ya waliomtangulia.

Hadi mwisho wa Machi vitabu vilikuwa vimetoka mara 118. Kadi 71 zilirudi tupu. Kati ya 47 zilizoandikwa, 39 zilisema kitabu ni kizuri, basi. Nane zilizobaki, sita zilikuwa maneno ya jalada la nyuma, yamenakiliwa na koma zake.

Niliumia, nasema wazi, kwa sababu watu hao nawajua. Mama mmoja wa parseli ya nyuma aliandika "Kitabu kizuri, Mungu akubariki." Kesho yake nikamkuta bombani anajaza bidoni, anamsimulia jirani kitabu hicho hicho, anamtukana mume wa mle ndani kama shemeji yake wa kweli, hadi maji yakamwagika miguuni na foleni nyuma yake ikaanza kulalamika. Maoni yote yalikuwa pale kwenye tope. Kwenye kadi yangu hakuna kitu.

Nilijaribu mengi. Kadi za kwanza zilikuwa kwa Kifaransa na zilikuwa na mistari minne: mwandishi, mada, wazo kuu, maoni. Nilipoziangalia tena mwezi wa pili ndipo nilipotambua nimewapa watu fishi ya kusoma ya shule, ile ambayo mwalimu anaisahihisha kwa biki nyekundu. Nani atapenda kurudi huko akiwa na miaka hamsini? Nikaitupa mistari, nikaandika kwa Kiswahili sanifu, "Toa maoni yako kuhusu kitabu hiki." Ikawa vibaya zaidi. Kijana mmoja akaniuliza, akiniita yaya kama mkubwa wake, "Yaya, hapa tuandike Swahili bora?" Nikamwambia aandike anavyotaka. Aliondoka na kadi, akairudisha nyeupe.

Nikaja na nyota tano za kutia rangi. Wote walitia tano. Nikamuuliza mzee mmoja kwa nini tano, na nilijua kitabu kile hakukimaliza. Akanijibu, "Nikikupatia tatu, utafikiri nimekataa buku yako." Alikuwa anaheshimu mkono uliompa. Nyota zile zilikuwa zangu mimi, kitabu hakikupata hata moja. Mwenzetu mmoja aliniandikia kusifu fomu za kujaza kwenye simu. Kwa hapa sizipendi, na nimezijaribu: mtu hatanunua mega za intaneti ili anijibu maswali. Sauti za WhatsApp ni tamu sana, lakini moja ilikuwa ya dakika tisa, na kuiandika kwa mkono kulinichukua usiku mzima, umeme ukikatika na kurudi. Zaidi ya hayo, sauti inabaki kwenye simu yangu. Haitembei na kitabu.

Kilichofungua mlango sikukitegemea kabisa. Kati ya vitabu 63 kuna kimoja cha kutengeneza injini za dizeli, kizee, jalada limetoka, nilikipata ndani ya lundo la vitabu vinavyopangwa chini pale mjini na nikakichukua kwa kuwa kilikuwa cha bure. Mwezi wa nne kilirudi kutoka kwa fundi wa magari. Kadi tupu. Lakini nilipokifungua kukipangusa, kwenye ukurasa wa kubadilisha chujio la mafuta nikakuta alama ya kidole gumba, nyeusi ya grisi, na pembeni yake maneno ya penseli: "Hapa anasahabu maji. Mazuti yetu ya bidoni iko na maji. Fungula kwanza chini, maji itoke, njo upige pompe."

Ni kweli tupu. Kitabu kinakwambia ubadilishe chujio kisha upige pampu ya mkono hadi iwe ngumu, hewa itoke. Hakisemi kwamba mafuta yaliyokaa kwenye bidoni yana maji, na maji yanatuama chini ya chujio, hivyo ukipiga pampu kabla ya kuyatoa unayasukuma mbele kwenye vyuma vinavyoharibika upesi. Fundi huyu hakuniandikia kwamba kitabu ni kizuri. Alikuta mahali ambapo kitabu kimekosea barabara zetu na mafuta yetu, akakisahihisha papo hapo, kwa Kiswahili chake, bila kuombwa.

Nililala na ukurasa ule. Asubuhi nikachukua kadi zote 63, nikazigeuza, na nyuma nikaandika swali moja kwa lugha ya bombani: "Wapi uligombana na hii buku? Andika ukurasa."

Basi. Maneno yenyewe ni hayo. Tangu siku hiyo vitabu vimetoka mara 34 na kadi 27 zimerudi zimeandikwa, na hakuna hata moja iliyosema "kizuri" peke yake.

Neno juu ya vifaa kabla sijaendelea, kwa sababu limekuwa sehemu ya ushindi. Penseli, msitumie biki. Wakati wa mvua biki inavuja kwenye karatasi inayonyonya unyevu, na halafu mtu anaogopa biki: akikosea amekosea. Penseli inampa ujasiri. Nimeifunga kwa uzi wa kushonea kwenye kitasa cha sanduku, na nyingine fupi natia ndani ya kila kitabu kinachotoka. Mifuko ya kadi naikata kutoka karatasi ya mfuko wa simenti, tabaka la ndani lisilo na vumbi, haichaniki. Gundi ya unga wa muhogo niliiacha kabisa baada ya panya kula migongo ya vitabu vitatu ndani ya wiki moja. Sasa nashona, mishono minne, na panya hawana habari nasi tena. Wanaosifu gundi nyeupe ya dukani wako sawa kwa kushika, lakini inakauka ngumu na ukurasa unavunjika kwenye mkunjo.

Sasa kadi ya Mariama Bâ. Kitabu chenyewe cha 1979 mnakijua: Ramatoulaye, mjane, anamwandikia rafiki yake Aïssatou barua ndefu. Waume wao wote wawili walioa mke wa pili. Aïssatou aliondoka, Ramatoulaye alibaki. Mama wa bombani, yule yule, ameandika: "Juu ya nini alibakia? Rafiki yake alienda. Yeye alikuwa na kazi, alikuwa mwalimu. Nilifunga buku siku mbili juu ya kasirani." Chini yake mwandiko mwingine, wa mtu mzima, umeinama kulia: "Mama, watoto kumi na wawili. Wewe ungebapeleka wapi?" Na yule wa pembeni, wima, ambaye nadhani ni msichana wa darasa la sita la sekondari: "Munasahabu bwana alioa rafiki ya binti yake mwenyewe. Miye ningeandikia ule binti barua, hapana rafiki." Nimeifikiria sentensi hii tangu jana. Daba, binti mkubwa, ndiye aliyemleta Binetou nyumbani kusoma naye. Barua kwa Daba ingekuwa kitabu kingine kabisa, na pengine kikali zaidi.

Kitabu cha Ferdinand Oyono, Le Vieux Nègre et la médaille, kilirudi na kadi iliyoandikwa na mjukuu kwa imla ya babu yake, mstaafu wa migodini. Katika riwaya hiyo ya 1956 mzee Meka, ambaye ardhi yake aliwapa wamisionari na watoto wake wawili walikufa vitani kwa ajili ya Ufaransa, anasimamishwa juani ndani ya duara la chokaa kungoja medali, viatu vipya vinambana. Wengi tunakisoma kitabu hiki kwa ajili ya ukoloni. Babu alikisoma kwa ajili ya viatu. "Aligombana" na ukurasa ambapo Meka bado amesimama: anasema mwandishi angekaa zaidi kwenye miguu, kwa sababu mtu aliyevaa kiatu kipya kwa sherehe ya wakubwa hasikii hotuba, anasikia kidole kidogo. Baba yake naye alipewa medali ya kazi, na walipofika nyumbani mama alimvua viatu kabla ya kuuliza medali iko wapi. Hayo yote yako kwenye kadi, kwa herufi za mtoto wa miaka kumi na mbili.

Mchomeleaji wa kona, upande wa soko, alimsoma Camara Laye, kitabu cha L'Enfant noir, akagombana na sura ya baba anayeyeyusha dhahabu. Anasema moto umeandikwa vizuri, ametoa jasho akisoma, lakini mwandishi hataji makala, yaani makaa ya moto, yalikuwa mangapi. Kwa mtu anayenunua makala kila siku, hilo ni pengo la kweli.

Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, ndiyo niliyoiogopea zaidi. Kiswahili chake kwa hapa ni cha ng'ambo, na watu wawili walikuwa wameirudisha wakiniambia ina maneno magumu. Sasa imerudi na mstari mmoja wa msichana wa miaka kumi na tano: "Karama anasemea mbele ya korti siku sita, na hakuna mutu anamupatia maji." Nimekisoma kitabu hicho mara tatu na maji sijawahi kuyafikiria.

Kuhusu riwaya ya Tram 83 kumezuka ugomvi ambao kadi haikuutosha, ikabidi niongeze ya pili. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1981, kwa hiyo kila mtu anadai kujua ni baa gani na ni reli gani. Wengine wanasema mji ule wa kitabuni si wetu, umebuniwa. Kijana mmoja ametia alama ya penseli kila mahali wanawake wa baa wanapouliza saa, na kuna kurasa zenye alama nyingi kuliko nafasi. Yeye anasema ndipo mahali pa kugombana, swali linamchosha. Aliyefuata amemjibu: "Linakuchosha juu unaisoma na macho. Soma na mudomo."

Soma na mdomo. Hapo ndipo mipango yangu ya mwezi huu ilipovunjika. Nilikuwa nimeahidi hapa muhuri wa mpira na orodha ya vitabu kwa mada. Orodha nimefika herufi D, muhuri sijaenda hata kuuagiza, na sioni nikirudi huko karibuni. Kwa sababu mwalimu mmoja mstaafu, baada ya kusoma kadi, alikuja na fotokopi iliyofungwa kwa uzi: historia ya mji wetu, iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, wakati mji ukiitwa bado Elisabethville. Iko kwa Kiswahili hiki hiki tunachosema. Johannes Fabian aliitoa kama kitabu mwaka 1990.

Nilijaribu kuisoma kimya nikashindwa kwenye ukurasa wa kwanza. Nukta ni chache mno, maneno yamegawanyika mahali yasipotakiwa au yameshikamana. Fabian mwenyewe alihitaji mtu wa hapa amsomee kwa sauti ndipo maana itoke. Nikampelekea mama yangu jikoni. Alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Akaniambia nisome tu jinsi ilivyo, nisirekebishe, na nilipokwama yeye aliumalizia mstari bila kugeuka kuutazama. Aliijua sauti ile. Ni sauti ya baba yake akieleza mambo ya kazi.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita, baada ya misa, tumesoma kwa sauti barazani. Watu kumi na mmoja, wanne kati yao hawajui kusoma na hawajawahi kugusa sanduku. Swali la kadi nililibadilisha: "Wapi ulimukatiza musomaji?" Mjukuu wa yule babu alishika penseli. Kwa muda wa saa mbili tulimaliza ukurasa mmoja na nusu, kwa sababu kila mstari ulikatizwa: huyu anasema bwana wa baba yake hakufanya hivyo, yule anasema mtaa uliotajwa ulikuwa upande wa pili wa reli. Kadi tatu zilijaa, ikabidi tuendelee nyuma ya karatasi ya simenti.

Jumapili hii tunaendelea kutoka mstari huo wa mtaa, maana hawajakubaliana. Asubuhi ni baridi siku hizi na vumbi, tutaanza saa nne jua likishika ukuta. Babu ameomba herufi kubwa zaidi ili afuate mwenyewe, kwa hiyo usiku huu nanakili ukurasa wa pili kwa mkono, bila kuongeza nukta hata moja.