Waruhiu Itote: Koplo wa Bama, Mfungwa wa Lokitaung

Waruhiu Itote alipigana vita viwili. Katika vya kwanza alikuwa koplo wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walilifupisha wakaliita Keya, naye alipelekwa Burma, yaani Bama, ambayo leo ni Myanmar, kupigana na Wajapani kwa niaba ya Uingereza. Katika vya pili alikuwa Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya, na adui yake alikuwa ni serikali ileile iliyomvisha sare na kumfundisha kulenga shabaha. Alitekwa katika vita hivyo vya pili, akahukumiwa kunyongwa, akaponea chupuchupu, akakaa kifungoni miaka minane. Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu vijana wengi wa hapa Mombasa wanalijua jina la Dedan Kimathi na wanaishia hapo, ilhali kisa cha Itote kinaeleza kwa uwazi zaidi jinsi dola inavyochagua ni mateka yupi wa kuheshimiwa na ni yupi wa kutiwa kitanzi.

Alizaliwa mwaka 1922 katika wilaya ya Nyeri, akajiunga na jeshi mwaka 1942. Vikosi vya Afrika Mashariki vilivyokwenda Asia viliondokea bandari ya Kilindini, na si vyote vilivyofika. Meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944, na tarehe 12 ya mwezi huo manowari ya Kijapani ikaipiga kwa topido karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda usiozidi dakika chache, ikafa nayo roho 1,297, wengi wao wakiwa wapiga mizinga kutoka nchi zetu hizi. Waliofika salama waliingizwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakateremka Bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, hadi Kalewa, ambako divisheni hiyo iliingia mapema Desemba 1944 na kuvuka mto Chindwin.

Babu yangu mzaa mama alikuwa miongoni mwao. Sikumbuki akisimulia mapigano hata mara moja. Alichopenda kusimulia ni kazi aliyoifanya kabla ya kupelekwa Bama, yaani kuwalinda mateka wa Kitaliano waliokamatwa Somalia na Uhabeshi na kuletwa Kenya kwa maelfu. "Mjukuu wangu," alikuwa akiniambia, "wale walikuwa wafungwa lakini walikuwa watu." Walipokea barua kutoka kwao, walipata vifurushi vya Msalaba Mwekundu, maofisa wao walipigiwa saluti, na asubuhi walinyoa ndevu kana kwamba wanakwenda kazini. Yeye mlinzi, aliyebeba bunduki, alikula posho duni kuliko baadhi ya hao aliowalinda, na jambo hilo lilimchekesha hadi uzeeni, ingawa sidhani kama lilikuwa la kuchekesha.

Namwamini babu, kwa kuwa maandishi ya wakati huo yanakubaliana naye. Mwezi Januari 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka katika kambi ya mateka ya Nanyuki, wala si kwa nia ya kurudi kwao. Walitaka kupanda Mlima Kenya waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia nyaya za ua. Walikuwa wamejitengenezea zana za kupandia kwa vyuma chakavu na kuweka akiba ya chakula kidogo kidogo. Barsotti alizidiwa na ugonjwa akabaki chini, wenzake wawili wakafika kilele cha Lenana wakasimika bendera ya Italia, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao na kujisalimisha. Adhabu waliyopewa ilikuwa siku 28 za kufungiwa peke yao, lakini mkuu wa kambi alivutiwa na ushupavu wao, akawaachilia baada ya siku 7.

Miaka 11 baadaye, tarehe 15 Januari 1954, chini ya mlima huohuo, Itote alijeruhiwa shingoni kwa risasi katika mapambano na askari wa serikali, akakamatwa. Alikuwa na umri wa miaka 31. Alipofikishwa mahakamani Nyeri, hakushtakiwa kwa kuongoza maelfu ya wapiganaji, jambo ambalo kila mtu alilijua. Alishtakiwa kwa kushirikiana na watu wenye silaha na kwa kupatikana na risasi mbili. Kwa hizo mbili alihukumiwa kifo.

Sheria ilikuwa wazi, na hapo ndipo penye hila. Uingereza haikukiri kwamba kulikuwa na vita Kenya. Tarehe 20 Oktoba 1952 ilitangaza hali ya hatari, na katika hali ya hatari hakuna mateka wa vita, kuna wahalifu tu. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo ingemlinda Mtaliano yeyote aliyeivamia Kenya akiwa na mizinga, haikutumika kwa mzaliwa wa Kenya aliyebeba gobori la kuunda kwa bomba la maji. Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo. Ninajua hoja inayotolewa kujibu haya, kwamba Mau Mau nao waliua raia, wanawake na watoto, na siipuuzi, kwa maana ni kweli na mauaji ya Lari ya Machi 1953 ni ushahidi. Hata hivyo jeshi la Mussolini lilimwaga gesi ya sumu Uhabeshi, na maofisa wake bado walipigiwa saluti na babu yangu.

Kilichomwokoa Itote ni mazungumzo. Afisa wa polisi aliyeitwa Ian Henderson, mwenye kukijua Kikuyu barabara, alimhoji kwa muda wa saa 68, na Itote akakubali kuwaandikia barua viongozi wenzake msituni ili wafikirie kusalimu amri kwa masharti. Mwezi Machi 1954 hukumu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Kuna wanaomwita msaliti kwa sababu hiyo, na nimewahi kulisikia neno hilo likitamkwa kwa ukali barazani na watu ambao hawajawahi kukaa hata usiku mmoja katika seli. Kwa maoni yangu alifanya alichoweza kukifanya mtu mwenye kitanzi mbele yake na maelfu ya vijana nyuma yake wanaokufa kwa baridi na njaa. Mazungumzo yenyewe yalivunjika mwezi Aprili, baada ya askari wa serikali kuwashambulia wapiganaji waliokuwa wamekusanyika wakati usuluhishi ukiendelea, na kabla mwezi haujaisha ikaja Operesheni Anvil iliyozoa maelfu ya watu Nairobi.

Hao waliozolewa waliletwa upande wetu. Kambi za Mackinnon Road na Manyani zilikuwa kandokando ya reli ya Mombasa, na babu, ambaye baada ya jeshi aliajiriwa relini, alipita hapo mara kwa mara akiwa kazini. Manyani ilijaa hata ikazuka homa ya matumbo mwaka huohuo wa 1954. Aliniambia kwamba aliowaona nyuma ya nyaya walikaa wamechuchumaa mistari kwa mistari wakiwa wameweka mikono kichwani, na kwamba baadhi yao aliwatambua kwa namna walivyoinuka na kusimama walipoamriwa: walikuwa watu wa Keya. Mwanajeshi hasahau namna ya kusimama, alisema.

Yeye mwenyewe alikuwa na cheti chake cha kuachishwa jeshi, kimekunjwa mara nne, wino umekwisha kuwa wa kahawia, na kilithibitisha kwamba mwenendo wake ulikuwa mzuri sana. Wazungu waliotoka katika vita hivyohivyo walipewa mashamba katika nyanda za juu kwa mpango maalumu wa serikali, kama walivyopewa wenzao baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Cheti cha babu hakikutaja shamba.

Itote alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, kwenye joto na vumbi, alikofungwa pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei na wengine. Kaggia na Ngei nao walikuwa wamelitumikia jeshi la Waingereza, kwa hiyo gereza lile dogo lilikuwa kama mkutano wa wanajeshi wastaafu. Huko Kenyatta alimfundisha Itote Kiingereza, na Itote alimkinga Kenyatta dhidi ya wafungwa waliotaka kumdhuru. Urafiki huo ulimfaa baadaye. Aliachiliwa mwaka 1962, akapelekwa Israeli kwa mafunzo ya kijeshi, na serikali mpya ikamteua kuwa naibu mkurugenzi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, ambako alitumikia hadi alipostaafu mwaka 1984. Wapiganaji wengi aliowaongoza hawakupata cheo wala ardhi, na sifichi kwamba hapo ndipo ninapomwonea shaka: sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa ajili yao.

Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa katika kambi zile. Itote hakuyasikia, kwani alifariki mwaka 1993. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilikuwa bado ipo katika sheria za Kenya siku alipozikwa, na haikuondolewa hadi mwaka 2003.