Siku hizi naanza na ubao, waini baadae

Mara ya kwanza kualika watu nane nyumbani nilianza kwa kununua waini, chupa ambazo nilisikia zinasifiwa, halafu ndo nikaanza kuhangaika kutafuta chakula cha kwenda nazo na karibu nusu ya vitu havikuendana kabisa. Sasa hivi naanza na ubao wa kuandalia, ule wa mbao unaopangia jibini na vitafunwa mezani. Ukubwa wa ubao ndo unaniambia ninunue chakula kiasi gani, na chakula ndo kinaniambia waini ipi.

Ubao wangu wa kwanza niliuharibu mwenyewe, niliuloweka kwenye sinki usiku kucha, asubuhi nakuta umepinda, ukiuweka mezani unayumba. Wa pili nikachukua wa mti wa mzeituni, mgumu na mzito, lakini nikaupaka mafuta ya kupikia, baada ya muda ukawa unanata na unanuka mafuta yaliyochacha. Jamani, tumieni yale mafuta maalum ya vyombo vya mbao yasiyo na harufu, unapaka kidogo kwa kitambaa, unauacha mpaka asubuhi unafuta yaliyobaki. Kuosha ni haraka haraka, pande zote mbili, kisha unausimamisha wima, maana ukiulaza upande wa chini unabaki na unyevu na hapo ndo unapopinda.

Chakula sijazi vitu vingi. Jibini tatu, laini, ngumu na ya bluu (ile yenye mistari ya ukungu wa bluu ndani), nazitoa frijini kama saa moja kabla maana ikiwa ya baridi ladha yake haitoki. Natanguliza kibakuli cha zeituni, halafu jibini mbalimbali kila moja na kisu chake, matunda na karanga zinaziba mapengo, mkate pembeni.

Kwenye waini, nyekundu nzito ile inayokausha ulimi naipeleka kwa nyama na jibini ngumu, kwa samaki hapana, inaacha ladha ya chuma mdomoni. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 za kawaida, kwa watu nane chupa nne zinatosha, na maji mengi mezani.

Ila kitu nachokipenda kuliko vyote ni jibini ya bluu na waini tamu, ile chumvi ikikutana na utamu zinatulizana. Juzi mgeni mmoja alishasema hali jibini ya bluu, nikamkatia kipande kidogo kama ukucha na glasi ndogo pembeni, akatafuna kimya, akausogeza ubao upande wake.