Namna karakana yetu ilivyochagua pa kuelekeza msaada

Karakana ya ushonaji yenye watu sita haiwezi kumsaidia kila anayebisha hodi. Ukimpa kila mmoja kidogo, mwaka unaisha na hakuna aliyenufaika kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana nilianza na hesabu kabla ya huruma.

Mtandao wa 1% for the Planet, wa biashara zinazochangia utunzaji wa mazingira, ulioanzishwa mwaka 2002, huwataka wanachama watoe asilimia 1 ya mauzo. Ni kipimo kizuri, ila kwetu ni kizito: katika kila 100 ya mauzo, faida yetu ni kama 5, hivyo ile 1 ni sehemu ya tano ya faida nzima, na mwaka wa hasara ingebidi tukope ili tutoe. Nikapanga asilimia 5 ya faida halisi, inayolipwa kila baada ya miezi mitatu, vitabu vikishafungwa. Sehemu nne kati ya tano zinakwenda kwa jambo moja tu. Ya tano ni akiba ya dharura kama moto au mafuriko.

Kila mfanyakazi aliandika pendekezo lake kwenye karatasi bila jina, maana bosi akitangulia kusema, wengine humfuata. Siasa za vyama tuliziondoa mapema. Yaliyobaki tukayapa alama 0 hadi 3 kwa maswali manne: je, ujuzi wetu una kazi humo? Linawagusa wateja au familia zetu? Matokeo yataonekana ndani ya miezi 12? Tutaweza kudumu nalo miaka miwili? Swali la kwanza alama zake huzidishwa mara mbili, kwa sababu fedha zetu ni chache lakini vyerehani tunavyo.

Likashinda suala la hedhi kwa wasichana wa shule. Tunashona taulo za kufua: flana ya pamba inayogusa mwili, tabaka mbili tatu za kunyonya katikati, chini kitambaa kisichopitisha maji, na vishikizo kwenye mabawa, yaani vipande vya pembeni vinavyokunjwa chini ya chupi. Flana lazima ifuliwe kabla ya kukatwa, la sivyo husinyaa baadaye na taulo hujikunja. Kosa kubwa zaidi ni kugawa taulo peke yake. Msichana asiye na maji, sabuni na mahali pa kuanika juani ataificha chini ya godoro ikiwa mbichi, na ikivaliwa hivyo inaweza kumdhuru. Kwa hiyo kila pakiti yetu ina sabuni, na shule isiyo na maji hatuanzi nayo.

Kwa shirika la kushirikiana nalo niliomba cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa, na akaunti ya benki yenye jina la shirika lenyewe, si la mtu. Kisha nikauliza: ni msaada gani mliwahi kupewa ukawapa taabu? Wanaoijua kazi yao hujibu papo hapo, na jibu lao hukuonyesha usichopaswa kupeleka.

Wengine wote wanaotuomba msaada tunawajibu ndani ya wiki moja: hapana, na sababu yake. Kumzungusha mtu kwa "tutaangalia" kunampotezea muda wa kutafuta kwingine.

Alama tunazipitia upya kila mwaka. Tukiamua kuacha, shirika linapewa taarifa miezi sita kabla, na taulo za muhula ulioanza zinakamilishwa zote.