Fuwele nyembamba na rangi ambazo leza haikuwa nazo

Kuna kitu cha fizikia ya mwanga kimenishika akili siku hizi na hapa Nairobi sisikii watu wakikiongelea, basi wacha nikiandike. Unachukua leza ya infraredi, mwanga ambao jicho haliuoni kabisa, urefu wa wimbi mikromita 3.25, unaupitisha kwa fuwele ya oksidi ya zinki (ndio, ule unga mweupe ulio kwa krimu ya nepi, ila hapa imekuzwa ikawa fuwele safi), na upande wa pili unatoka mwanga mwekundu, wa bluu, alafu urujuanimno!

Na rangi hizo hazitoki hobelahobela. Ni kama waya wa gitaa ukiupiga kwa nguvu, noti moja inakuja na zile za juu yake, na hizo za juu ndizo huitwa hamoniki: ya 5, kwa mfano, ina urefu wa wimbi mdogo mara tano. Gawanya nanomita 3250 kwa 5 unapata 650, hiyo ni nyekundu. Kwa 7 ni kama 464, bluu. Kwa 25 ni 130, mbali ndani ya urujuanimno, na huko ndiko wanafizikia Shambhu Ghimire, David Reis na wenzao walifika mwaka wa 2011. Kwa gesi hii kazi ilikuwa inajulikana tangu miaka ya 80, na ndiyo ilizaa Nobel ya 2023 ya Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier. Huyo Agostini pia yuko kwa waandishi wa ile ripoti ya 2011.

Kwa gesi, leza inang'oa elektroni kwa atomi, inaipeleka mbali kidogo alafu inairudisha, na ikigonga pale ilipotoka inatoa nishati yote kama fotoni (chembe ya mwanga) moja kubwa. Kwa yabisi elektroni haina nafasi ya kutoka, atomi zimebanana, inaruka tu pengo la nishati (nishati ambazo elektroni haiwezi kuwa nazo ndani ya fuwele) na kuacha shimo nyuma, yaani nafasi tupu, alafu inakimbizwa ndani ya fuwele yenyewe. Uga wa umeme hapo ni mabilioni ya volti kwa kila mita, ndiyo maana mpigo wa leza lazima uwe wa femtosekunde (femtosekunde moja ni sekunde ukiigawa mara milioni moja, alafu kila kipande tena mara bilioni moja), ukikawia fuwele inaharibika.

Kilichonivuta zaidi ni kazi ya 2016, mwandishi wa kwanza Georges Ndabashimiye, jina ambalo mtu wa huku kwetu akiliona lazima asimame kidogo. Walichukua argoni na kriptoni, zile gesi za kila siku za majaribio haya, wakazigandisha zikawa yabisi, wakalinganisha. Atomi ni zilezile lakini yabisi ikatoa hamoniki zinazoenda juu zaidi kuliko gesi. Yaani ule mpangilio wa atomi wenyewe unafanya kazi.

Sasa wanafunzi wa fizikia, kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi na kwingine, leza kama hiyo ni pesa nyingi sana lakini hesabu yake ya mwanzo inaingia kwa laptop ya kawaida. Mimi nimeandika programu fupi ya Python: elektroni moja, bendi moja (nishati ambazo elektroni inaruhusiwa kuwa nazo) yenye umbo la kosaini, uga wa leza unaisukuma. Uga ukiwa mdogo mkondo unaenda na kurudi kwa upole, spektra (grafu ya rangi zinazotoka) ina mstari mmoja basi. Ukiuongeza, elektroni inafika ukingo wa bendi kabla wimbi halijageuka, inarudishwa nyuma, na kwa grafu ya mkondo unaanza kuona mikunjo midogo ndani ya mzunguko mmoja wa leza, alafu kwa spektra inachomoza hamoniki ya 3, ya 5, ya 7. Zidisha uga mara mbili, mwisho wa hamoniki (ile ya juu kabisa) nao unasogea karibu mara mbili, vile vile walivyoona 2011, wakati kwa gesi unafuata uga mraba. Mimi hapo niliachilia kila kitu nikakaa tu kuangalia hiyo grafu.

Hamoniki za shufwa (ya 2, ya 4, ya 6) hazitoki kwangu kwa sababu bendi yangu ni sawa kushoto na kulia, lakini oksidi ya zinki ikielekezwa inavyofaa inazitoa, ya 6 ingekuwa kijani. Naongeza bendi ya pili sasa, na pengo la volti-elektroni 3.3 hivi, nione elektroni ikikutana na shimo lake.